Humber ya Wakfu na Wazee wa Baiskeli

Baada ya swala ya Alasiri, mpita njia katika moja ya zile barabara za Ngamiani zinazoitwa kwa namba, hapa jijini Tanga, huziona baiskeli saba au nane zimeegemezwa ukutani mwa msikiti wetu. Hazikuegemezwa ovyo. Kila moja imegeuzwa ule ubavu wenye mnyororo uelekee barabarani, madigadi yamepanguswa vumbi, na nembo ya shingoni imesuguliwa kwa majivu na ndimu hata ikang'aa. Wenyewe wamekaa barazani, vikombe vya kahawa mikononi, na mazungumzo yao hata watoto wa madrasa wanayajua kwa moyo: ni ipi baiskeli bora kupita zote zilizowahi kukanyaga ardhi ya Tanga?

Kwamba Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halihitaji shahidi. Mji ni tambarare, na mama zetu huenda sokoni kwa baiskeli hali wamevaa mabaibui yao, wala hapana anayeshangaa ila mgeni. Lakini wazee ninaowasema hawana habari na baiskeli hizi za leo zenye gia nyingi na rangi za kuwaka. Wao ni watunzaji wa vyuma vya zamani: fremu nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za fito zinazoshuka toka usukanini hadi kwenye rimu, kiti cha ngozi kilichokaliwa hata kikachukua umbo la mwenyewe. Mmoja wao anazo nne, na mkewe amekwisha kumwambia ya tano ikiingia yeye atatoka.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Kazi yangu ni daftari, risiti na barua, na habari za baiskeli sikuwa nikizijua zaidi ya kuzipanda. Kilichonifanya nizijue ni jambo lililotukuta mwaka jana, ambalo lilikaribia kuwatenga wazee wawili waliokuwa marafiki tangu walipokuwa wakifundishwa alifu na mwalimu mmoja.

Kwanza nizitaje kambi, maana bila hizo kisa hakieleweki.

Kambi kubwa ni ya Raleigh, na kiongozi wake ni mweka hazina wetu, mtu wa hesabu, mtaratibu, asiyependa kelele. Hoja yake ni moja tu: uimara. Kiwanda cha Raleigh kilianzia katika karakana ndogo kwenye mtaa wa Raleigh, mjini Nottingham, Uingereza, na jina likatoka hapo. Mfanyabiashara Frank Bowden aliinunua karakana ile na kuunda kampuni katika miaka ya mwisho ya 1880, baada ya kupanda baiskeli, kama inavyosimuliwa, kwa ushauri wa tabibu hata afya yake ikarejea. Mweka hazina hukisimulia kisa hiki kana kwamba alikuwapo. Husimulia pia lile tangazo mashuhuri la Mwafrika anayemkimbia simba juu ya Raleigh, na hapo wengine humwambia kwamba baiskeli yoyote ni nzuri mtu akikimbizwa na simba.

Anayemkabili ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye Humber. Huyu haongei sana. Huinua kidole na kukuonyesha foki ya mbele. Baiskeli nyingine zote zina bomba moja kila upande wa gurudumu la mbele. Humber ile ya fahari ina mabomba mawili kila upande, membamba, yanayokwenda sambamba hadi kwenye ekseli. Kisha hukuonyesha gurudumu kubwa la meno kwenye pedali, lililokatwa ndani yake umbo la watu wadogo wanaokimbia. "Mwanangu," aliniambia siku moja, "Raleigh ni chuma kilichofanywa baiskeli. Hii ni baiskeli iliyofanywa kwa chuma." Sikuifahamu tofauti yake, ila niliona mweka hazina amekasirika, nikajua ipo.

Yuko mwenye BSA, ambaye hutaniwa kwa kuleta bunduki msikitini, kwa sababu nembo ya BSA ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Utani huo una asili: waliounda kampuni ile mwaka 1861 mjini Birmingham walikuwa mafundi wa bunduki, na baiskeli zilifuata baadaye. Yuko na mzee wa Rudge, yenye nembo ya kiganja cha mkono. Huyu ni peke yake na amekwisha kuzoea kushindwa kura.

Kisha wako watu wa Phoenix, ya Shanghai. Hawa huonwa na wenzao kama waliochelewa kufika, nami sioni haki yake. Baiskeli za Kiingereza zilinunuliwa na makarani, walimu na wenye mishahara. Phoenix ndiyo iliyobeba mkaa, madumu ya maji, mitungi ya maziwa, wagonjwa na maharusi. Bwana mmoja wa kambi hiyo aliyekuwa akiuza samaki aliwauliza wenzake barazani: "Hizo zenu zimewahi kubeba nini zaidi ya mtu na tai yake?" Hakujibiwa. Na juzijuzi amejiunga kijana mwenye Swala, ile iliyokuwa ikiunganishwa Dar es Salaam enzi za mashirika ya umma. Wazee wanamwonea huruma, lakini kahawa wanampa.

Sasa nirudi kwenye kisa. Katika daftari la kale la mali za msikiti, lile lenye jalada la kijani ambalo wino wake umegeuka rangi ya kahawia, uko mstari unaosomeka: baiskeli moja, Humber, wakfu, kwa matumizi ya muadhini. Aliyeiweka wakfu ni marehemu kaka mkubwa wa yule mwalimu mstaafu. Muadhini wetu wa zamani aliitumia miaka mingi, akitoka kwake Makorora usiku wa manane kuja kuadhini Alfajiri. Alipozeeka na kuhamia kwa mwanawe, baiskeli ikawekwa stoo nyuma ya majeneza, na huko ikasahauliwa. Muadhini aliyemfuata huja kwa miguu, au kwa bodaboda anayoilipia mwenyewe.

Mwaka jana mota ya kisima iliungua. Tulikuwa tukichota maji ya udhu kwa ndoo, na Ijumaa foleni ilikuwa ikifika barabarani. Wakati huohuo akatokea mgeni kutoka Dar es Salaam, mnunuzi wa vitu vya kale, akaona baiskeli stoo tulipokuwa tukitoa jeneza. Akatoa bei ya shilingi 400,000 papo hapo. Tulipomwuliza ataifanyia nini, akasema kweli yake: ataitundika ukutani mwa mkahawa.

Katika kikao cha kamati mweka hazina alisema kwa utulivu, "Katibu, andika: baiskeli mbovu moja iuzwe, fedha zinunue mota." Kwa hesabu hakukosea. Maji ya udhu ni haja ya kila mmoja, na chuma kilicholala stoo hakina faida kwa yeyote. Lakini mwalimu mstaafu aliinuka, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka. "Ingekuwa Raleigh," akasema, "ungeiita mbovu?"

Mweka hazina akajibu kwamba Raleigh isingefikia hali ile.

Hilo lilikuwa neno la barazani, la mzaha, na barazani lingejibiwa kwa mzaha. Ndani ya kikao, juu ya sadaka ya kaka yake aliyekufa, lilimchoma. Alitoka bila kuaga. Kesho yake baiskeli yake haikuonekana ukutani baada ya Alasiri. Alikuwa akiswali msikiti mwingine.

Yapo mashindano yanayofaa na yapo yasiyofaa, na mpaka baina yake si mbali. Siku chache kabla ya hapo wazee walikuwa wamenitaka niandike tangazo la mashindano ya baiskeli nzuri siku ya Idi Pili: kila mmoja atoe shilingi 5,000, na mshindi achukue zote. Ilibidi niwaeleze kwamba mchango wa washindani wote kumwendea mmoja wao ndio sura yenyewe ya kamari, na kwamba hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi imeihusisha zawadi ya mashindano na mishale, ngamia na farasi, vitu vya maandalizi ya jihadi. Wanazuoni wamejadili ni vipi vingine vinavyoweza kulinganishwa na hivyo. Foki ya mabomba mawili sikuiona humo. Walicheka, wakakubali kushindana bila fedha. Jambo lililoonekana la hatari likaisha kwa kicheko, na lile lililoonekana la mzaha ndilo lililovunja baraza.

Siku tatu zilipita. Imamu wetu hakuwasema wawili hao kwa majina. Ila katika darsa la baada ya Magharibi alitaja habari ya Adhbaa, ngamia wa Mtume Muhammad (s.a.w.), iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Anas. Ngamia huyo alikuwa hapitwi mbio. Akaja bedui mmoja juu ya ngamia wake mchanga, akampita. Masahaba wakaona uzito mioyoni mwao, na Mtume alipoujua uzito huo akawaeleza kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakipandi kitu katika dunia ila Yeye hukishusha. Imamu akaongeza kwamba Masahaba walioumia kwa ajili ya kipando hawakukemewa kwa kukipenda. Kisha akataja, bila kuunganisha, ile hadithi ya kutokuwa halali kwa Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wa wawili ni anayeanza salamu.

Mweka hazina alikuwa safu ya mbele. Usiku uleule alikwenda nyumbani kwa mwenzake. Waliyoyasema siyajui, ila kesho yake walikuja ofisini kwangu pamoja, wamenuniana bado kidogo, wakanitaka niitafute hukumu ya sharia: yauzwa au haiuzwi? Watakayoambiwa watayafuata wote wawili.

Nilifungua vitabu. Kwamba kitu cha kuhamishika chaweza kuwa wakfu, hilo katika madhehebu yetu ya Shafi halina tatizo, maadamu ni kitu kinachotumika bila kutoweka; na Khalid bin Walid alizifunga deraya na zana zake katika njia ya Mwenyezi Mungu, kama ilivyo katika hadithi sahihi. Kwamba wakfu hauuzwi, haupewi mtu wala haurithiwi, hilo nalo linajulikana tangu ardhi ya Umar bin Khattab huko Khaybar. Shida ni kitu kilichoharibika. Hapa Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja mikeka ya msikiti iliyochakaa na magogo yake yaliyovunjika, yasiyofaa ila kuwa kuni, akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba yafaa kuuzwa. Wanazuoni wa Kihanbali wana nafasi pana zaidi katika kubadilisha wakfu manufaa yake yanapokatika.

Kwa hiyo swali halikuwa tena juu ya bei, wala juu ya mota ya kisima. Lilikuwa hili: je, baiskeli ile imefika daraja ya kuni? Ikiwa bado yaweza kumbeba muadhini, haiuzwi hata kwa milioni. Ikiwa haiwezi, iko nafasi. Nilimpelekea imamu nilichokiandika, akakikubali, kisha akasema kwamba aliyebaki kuulizwa sasa ni fundi.

Fundi wetu ana kibanda chini ya mwembe, na hana kambi. Husema baiskeli bora ni ile iliyoletwa na mwenye fedha. Tulimpelekea Humber kwa mkokoteni, wazee wote wakifuata nyuma kama watu wa maziko. Akaigeuza juu chini, akaigonga fremu kwa spana mahali pengi huku ametega sikio. Fremu nzima. Foki nzima. Rimu ya nyuma ina kutu ya juu, itasuguliwa. Spoku kumi na moja zimekatika. Mnyororo hauna maana tena. Kisha akafungua ekseli ya pedali, akakaa kimya.

Kile kikombe cha chuma kinachoingia kwa hesi upande wa kushoto, kinachobeba gololi, kilikuwa kimepasuka vipande viwili. Bila hicho pedali hazizunguki. Akachukua kipya cha dukani, akakianza. Kikaenda nusu mzunguko kikakwama. Mwenye BSA akakimbia nyumbani akaleta chake cha akiba. Kikaingia vilevile nusu mzunguko, kikakwama. Fundi akasema upana ni uleule ila hesi zinakataana, na akikilazimisha ataharibu fremu. Mwalimu mstaafu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama chini. Mnunuzi wa Dar es Salaam alikuwa ametupa hadi Jumamosi.

Mweka hazina akaondoka bila neno. Tulidhani amekwenda kuswali. Alirudi baada ya nusu saa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma vya akiba vya Raleigh, kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa chenye grisi. Akatoa kikombe, akampa fundi. Kikaingia kwa vidole vitupu, mzunguko baada ya mzunguko, hadi mwisho, bila spana.

Sababu yake niliipata baadaye katika kusoma. Raleigh iliinunua biashara ya baiskeli za Humber mwaka 1932, na utengenezaji ukahamia Nottingham. Mwaka 1943 ikaichukua Rudge, na 1957 baiskeli za BSA. Na Raleigh ilikuwa na desturi yake ya kukata hesi 26 kwa inchi moja pale ambapo viwanda vingine vya Uingereza vilikata 24, jambo lililowasumbua mafundi wa dunia nzima kwa miaka mingi, na lililowalazimu wateja warudi kwake kununua vipuri. BSA ya mzee wetu ilitoka Birmingham kabla ya kuuzwa, ndiyo maana ikakataa. Humber ya wakfu, pamoja na fahari ya foki yake, ilikatwa hesi katika kiwanda kimoja na Raleigh. Kwa miaka hiyo yote wazee wawili walikuwa wakibishana juu ya watoto wa nyumba moja. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2002.

Niliwasomea habari hii barazani, nikidhani nitaumaliza ubishi. Mweka hazina akasema, "Alhamdulillahi, kumbe kila kizuri cha Humber ni cha Raleigh." Mwalimu mstaafu akasema Raleigh wasingenunua kitu kisichowazidi. Yule wa Phoenix akauliza kama kati ya viwanda hivyo upo unaofanya kazi hadi leo, akanyamaziwa.

Basi hukumu ikawa imepatikana: baiskeli yabeba mtu, kwa hiyo haiuzwi. Nilimpigia simu mnunuzi nikamweleza. Hakufurahi, lakini alielewa nilipomtajia neno wakfu. Mota ya kisima tuliilipia kwa mchango wa Ijumaa tatu, na Ijumaa ya pili ndoo zilikuwa bado uani. Sitaki kuficha kwamba wako waumini waliotulaumu, wakaona tumewachosha watu kwa ajili ya chuma cha kale. Mama mmoja alinisimamisha mlangoni akaniuliza kama baiskeli hiyo itamchotea maji ya udhu. Nilimweleza mambo ya wakfu kadiri nilivyoweza. Sidhani kama niliridhisha moyo wake, na ndoo aliyoibeba ilikuwa nzito kweli.

Kazi iliyobaki ilichukua wiki mbili. Mjukuu wa kike wa mwalimu mstaafu, msichana wa madrasa yetu, alisugua rimu kwa msasa na mafuta ya taa kila baada ya kuhifadhi somo lake. Mwenye Rudge alitoa kiti. Phoenix walitoa mnyororo na tairi mbili, wakasisitiza kwamba bila wao isingetembea. Kijana wa Swala alitoa kengele. Muadhini wetu mpya, ambaye hakuwa na maoni yoyote katika suala hili, sasa huja Alfajiri kwa Humber, na nyumba za njiani zimekwisha kuzoea kuamka kwa kengele ya Swala kabla ya adhana.

Limebaki jambo moja ambalo kamati haijalimaliza. Katika daftari jipya la mali, chini ya mstari wa baiskeli, mweka hazina alinitaka niandike kwamba kikombe cha ekseli ni cha Raleigh, na kwamba amekiweka wakfu pamoja nayo. Ni haki yake, na nimeandika. Mwalimu mstaafu amekuja mara mbili ofisini kusoma ule mstari kwa miwani. Anasema hapingi wakfu wa mwenziwe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Ombi lake ni kwamba neno Raleigh liandikwe kwa herufi ndogo kuliko neno Humber. Nimemwambia nitalipeleka kikaoni.